Vichupa Vilivyopoa Polepole

Jumatatu, 1 Septemba

Vichupa sitini na vinne leo pale maabara. Sabuni, maji ya bomba mara tatu, maji ya dumu jeupe mara mbili, kisha kifudifudi juu ya wavu. Mikono inanuka spiriti mpaka jioni. Tendo kainusa, kageuza uso, kakataa uji. Anaota jino. Ana mwaka mmoja na miezi minne na hasira za mtu mzima.

Habuba Nuru, mama wa Kinubi tunayepakana naye ukuta hapa Kisugu, ndiye anayekaa naye nikiwa kazini. Kila jioni swali ni moja. "Umeosha tena vikombe visivyonywewa chai?" Namjibu nimeosha, Habuba. Anacheka peke yake.

Miguu inauma. Nalala.

Jumatano, 3 Septemba

Leo nimemuuliza Pasifiki kwa nini kila wiki anachanganya dawa zile zile. Yeye ni mwanafunzi wa udaktari wa kemia, Mkongo wa Bukavu, anaishi Bwaise. Katika maabara nzima ni sisi wawili tu tunaoongea Kiswahili. Changu cha kambi ya polisi, chake cha Bukavu. Tunachekana.

Alinitoa nje kwenye ngazi, akatoa karanga na njiti za meno. Karanga ni madini, yaani shaba. Njiti ni ile dawa nyingine, inayoshika karanga kwa karanga. Ukiviweka kwenye maji ya moto vinashikana vyenyewe, vinakuwa fuwele, chembe zenye pembe kama sukari mawe. "Hakuna fundi, Mama Tendo. Inajijenga yenyewe." Shida ni kwamba karanga zile zile na njiti zile zile, hesabu ile ile, zinaweza kujenga vitu viwili tofauti. Kimoja ni wavu wenye madirisha wazi. Cha pili ni nyavu mbili zilizoingiana kama vidole vya mikono miwili, hakuna nafasi hata ya pumzi. Yeye anautafuta ule wa madirisha, unase uchafu wa rangi kwenye maji. Mahesabu yake yanasema upo. Miaka miwili sasa anapata ule uliobanana tu. Wa bluu.

Alidhani sitaelewa. Nilielewa kabla hajamaliza karanga.

Nyumba yetu ya kwanza kambini Naguru ilikuwa ya mabati kumi na mawili. Baba na mama waliijenga pamoja. Mlango ulitazama upepo, vitanda viwili vilikaa, cherehani ya mama ilikaa, na bado tulikuwa na pa kuchezea. Kisha tukaambiwa tuhamie mstari wa chini. Baba akaibomoa, akanyoosha misumari kwa jiwe, akaijenga tena peke yake baada ya zamu ya usiku. Mabati yale yale kumi na mawili. Ikatoka ndefu, nyembamba, giza tupu. Tukalala kichwa kwa miguu kama samaki wa kukausha. Mama aliingia, akageuka, hakuweza kugeuka, akacheka mpaka akakaa chini. "Afande, bati zetu nyingine umempa nani?" Baba alizihesabu mbele yake. Zilikuwa zote.

Ningetoa kitu kikubwa nisikie tena kicheko kile.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimefanya jambo. Naliandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu.

Habuba alikuwa na harusi Bombo. Nikamfunga Tendo mgongoni nikaenda naye kazini. Mtoto haruhusiwi maabara. Imeandikwa mlangoni, na nimeitia sahihi. Lakini Jumamosi hakuna mtu, na sakafu lazima ipigwe deki. Sikumshusha hata mara moja. Askari wa getini alitazama upande mwingine.

Saa nane mchana umeme ukaenda. Jengo letu tu. Taa ya tanuri dogo la Pasifiki ikazimika. Ndani kulikuwa na vichupa kumi na viwili, alivitia jana asubuhi, vinatakiwa vikae siku tatu kwenye joto moja lisiloyumba. Nikampigia. Hapatikani. Namba ya Dokta, mkuu wa maabara, ninayo. Sikumpigia. Tendo alikuwa analia, angesikika.

Nilisimama mbele ya lile tanuri nikasikia linapoa. Bati lake lilikuwa linalia tik, tik.

Nikamkumbuka mama. Makaa yakiisha na maharage bado magumu, hakuhangaika. Aliipua sufuria ikichemka, akaitia kwenye sanduku la mbao lililojaa majani makavu ya migomba, akalifunika kwa koti zito la baba la zamu ya usiku, akaenda zake sokoni Nakawa. Sisi tulikatazwa kufunua. "Joto ni la kubembelezwa," alisema. Jioni alifungua na maharage yalikuwa yamelainika, mvuke unamgonga usoni. Harufu ya maharage na koti la polisi. Mpaka leo naijua.

Basi nikafanya kama yeye. Boksi la karatasi za kopi. Magazeti ya zamani chini na pembeni. Nikavaa glavu, nikavihamisha vichupa kimoja kimoja vikiwa moto, nikavifunika kwa shali ya Tendo ya sufu, ile yenye mabata, nikaikunja mara nne. Nikafunga boksi, nikalisukuma chini ya meza.

Msafishaji haruhusiwi kugusa mashine. Hilo nalo nimelitia sahihi.

Jumatatu, 8 Septemba

Nilifika saa kumi na mbili na nusu, kabla ya mtu yeyote. Umeme ulikuwa umerudi, tanuri linawaka tupu. Nikatoa vichupa kwenye boksi bila kuvitazama vizuri, nikavirudisha, nikaficha shali kwenye mkoba.

Saa tatu Pasifiki akafungua tanuri. Akaketi sakafuni nilipopiga deki, maji yakamlowesha suruali, hakujali.

"Mama Tendo. Kuja uone."

Havikuwa vya bluu. Vilikuwa vipande bapa vyenye pembe sita, kijani, kama jani changa la mgomba ukilitazama dhidi ya jua. Katika vichupa vyote kumi na viwili. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile kikitoka kwenye mikono ya watu ninaowajua.

Akaandika kwenye daftari lake: digrii themanini na tano, saa sabini na mbili, bila kukatika. Nilimwona akiandika. Nilikuwa nimeshika fimbo ya deki. Nikaendelea kupiga deki.

Jumatano, 10 Septemba

Amevipima. Kilichomo ndani ni kile kile, sawasawa na vya bluu. Mpangilio tu ndio tofauti. Ametia punje za kijani kwenye maji ya rangi ya zambarau, na baada ya chakula cha mchana maji yalikuwa meupe. Za bluu hazikufanya kitu. Ananionyesha kila saa kama mtu aliyepata mtoto.

Dokta alikuja, akampa mkono. Kisha akamwambia arudie. Tarehe kumi na tano Oktoba atasimama mbele ya maprofesa, na kitu kilichotokea mara moja si kitu.

Nilisema moyoni: atarudia, kitatokea, mimi sihusiki. Nilitaka kuamini hivyo sana.

Ijumaa, 19 Septemba

Bluu. Kumi na viwili vyote.

Ijumaa, 26 Septemba

Bluu tena. Anaosha vichupa vyake mwenyewe siku hizi, anadhani ni uchafu. Ameniomba msamaha kwa kuniondolea kazi hiyo. "Usisikie vibaya, Mama Tendo, si wewe." Nikasema sawa. Nikaenda chooni nikakaa.

Amekonda. Mvua ya juzi imeingia chumbani kwake Bwaise, daftari zake zinalala juu ya kabati. Leo alikuja na viatu vimelowa, akavianika dirishani, akafanya kazi kwa soksi.

Niandike wazi ninachokiogopa. Nikisema nilivigusa, ninafukuzwa. Baba Tendo anaendesha lori la Juba, anakuja akija. Kazi hii ndiyo uji wa Tendo, ndiyo chumba hiki. Nimeitafuta miaka miwili. Nisiposema, Pasifiki atarudia jambo ambalo hakulifanya, mpaka siku zake ziishe.

Jumatatu, 29 Septemba

Nilikuwa napiga deki korido. Mlango wa Dokta haukufungwa vizuri.

Hakumgombeza. Ingekuwa afadhali. Alimuuliza taratibu, zile za kijani alizipata wapi. Kama kuna mtu aliyempa. Kama aliandika kitu ambacho hakukifanya. Pasifiki alisema aliandika alichofanya. Dokta akasema basi kifanye tena. Kikishindikana kabla ya tarehe kumi na tano, utalifuta hilo katika kazi yako, na mimi nitalazimika kuwaandikia wanaokulipia masomo.

Pasifiki alipotoka alinipita. Alisema habari ya kazi, kama siku zote. Watu wa Bukavu wana adabu ya kuua.

Najichukia.

Alhamisi, 2 Oktoba

Tendo ana homa kidogo. Nimekaa naye mapajani, na mawazo yamenirudisha kambini.

Nilikuwa na miaka minane. Nilichukua filimbi ya baba ya kazi kwenda kuchezea mchezo wa polisi na wezi, nikaipoteza kwenye mtaro. Baba akajikuta gwarideni bila filimbi. Jioni lawama zikamwangukia Opio, mtoto wa jirani, kwa kuwa alikuwa mtundu na kila kosa lilikuwa lake. Mama yake alikuwa ameshakata fimbo. Mimi nilikuwa nakula muhogo.

Mama yangu alinitazama tu nikila. Sijui alijuaje. Alininyanyua kwa mkono mmoja, muhogo bado mdomoni, akanitembeza mstari mzima wa nyumba mpaka mlangoni kwa kina Opio. Hakunisemea. Alisimama nyuma yangu mpaka niliposema mwenyewe. Nikachapwa mimi, kwa fimbo ya Opio. Kisha mama akanipaka mafuta miguuni, akaniimbia.

Mkono ule ule. Sikuwahi kuuelewa mpaka nilipozaa.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimemwambia. Nusu.

Nilimsubiri Pasifiki kwenye ngazi. Nikasema umeme ulikatika siku ile, nikavitia kwenye boksi na magazeti vipoe taratibu, kama mama alivyofanya na maharage. Shali sikuitaja. Ukitaja shali umemtaja mtoto.

Aliketi kwenye ngazi, mgongo ukutani.

"Magazeti tu?"

"Magazeti tu."

"Wiki tatu, Mama Tendo. Wiki tatu unaniangalia vile."

Hakupandisha sauti. Akaondoka. Nilidhani anaenda kwa Dokta. Nikakusanya ndoo na matambara yangu, nikayakunja vizuri, ili wakija kunitoa wasikute vurugu. Baada ya muda akarudi, kabeba boksi tupu la karatasi za kopi kichwani, na magazeti kwapani. Hakunitazama. Aliniuliza tu vilikaa ndani ya tanuri kwa saa ngapi kabla umeme haujaenda. Tukahesabu pamoja kwa vidole.

Vichupa vya leo asubuhi bado vimo ndani. Kesho mchana anavitoa na kuvitia kwenye boksi.

Jumatatu, 6 Oktoba

Vichupa viwili vina punje chache za kijani katikati ya bluu. Kumi ni bluu tupu.

Pasifiki alifurahi na kuhuzunika kwa wakati mmoja. Anasema njia ni hii, lakini joto lilikimbia mapema mno. Vikikaa motoni mno, au vikipoa haraka, nyavu zinaingiana. Akaniuliza, taratibu kabisa, je, hakuna kitu kingine nilichokifanya.

Nikasema nitafikiri.

Nitafikiri nini. Nilirudi Kisugu kwa miguu, njia nzima, ili nichoke nisiwaze. Habuba aliniona usoni. "Leo vikombe vimekushinda?" Nikamwambia vimenishinda. Hakucheka. Alinimiminia chai ya tangawizi na kunishikisha Tendo.

Jumanne, 7 Oktoba

Asubuhi nimeitoa shali kwa Tendo akiwa bado amelala. Aliishika kwa ngumi, nikamfumbua kidole kimoja kimoja.

Nimeiweka mezani kwa Pasifiki. Mara nne, nikamwambia, ilikunjwa hivi. Na mtoto nilikuwa naye.

Aliyatazama yale mabata.

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa ile karatasi ya mlangoni."

Akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, kicheko kifupi kama kikohozi. Akasema sawa, kwenye daftari ataandika kitambaa kizito cha sufu, inatosha, hakuna atakayeuliza. Nikamwambia andika shali ya mtoto. Kama mtu mwingine anataka kufanya, lazima ajue ni kitu gani hasa. Alibisha. Nikamwambia nimeshachoka na nusu, Pasifiki, usinirudishe huko. Akaandika.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru. Hakuna kazi. Vichupa viko kwenye tanuri tangu asubuhi, Pasifiki amekwenda mwenyewe. Kesho mchana vinaingia kwenye shali.

Nilimbeba Tendo nikaenda Naguru. Sijui nilitafuta nini. Mistari ya chini haipo tena. Zile nyumba za bati za mviringo, na vile vibanda vidogo tulivyoviita mama ingia pole kwa sababu mlango ulikuwa mfupi, vimekwisha. Magorofa sasa. Nguo zimeanikwa ghorofa ya tatu. Nilijaribu kukadiria mahali mlango wetu ulipokuwa, nikashindwa. Hata mtaro umefunikwa.

Siku kama ya leo baba aliamka kwenye giza. Alipiga buti kiwi mpaka nikaona meno yangu ndani. Mama alipiga pasi ya makaa, akinyunyiza maji kwa mdomo, na suruali ilisimama yenyewe kama ina mtu. Sisi watoto tulisindikiza mpaka kwenye bendera. Baba alitembea bila kupinda magoti, asikunje suruali, tukamuiga nyuma yake, mstari mzima wa watoto wasiopinda magoti. Afande hakugeuka, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

Nilimsimulia Tendo yote haya. Alikuwa anakula mchanga.

Usiku nimemfunika kwa kitenge changu. Anaitafuta shali yake kwa mkono, analalamika, analala.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kijani. Kumi na kimoja kati ya kumi na viwili.

Pasifiki hakuketi chini safari hii. Alisimama akavihesabu, akavihesabu tena, kisha akanipa kimoja nikishike. Kilikuwa kimepoa kabisa. Alisema: "Aksanti, mama." Hakusema Mama Tendo.

Nilifurahi kama mjinga. Nimefurahi siku nzima. Kesho Dokta anakuja kuona.

Jumanne, 14 Oktoba

Dokta alisoma daftari akiwa amesimama. Alitazama vichupa kwenye mwanga. Akasema vizuri. Akaomba aone hilo boksi.

Pasifiki akalifungua. Dokta akaitoa shali, akaikunjua. Mabata sita ya manjano, doa la uji pembeni.

"Hii ni ya nani?"

Pasifiki alifungua mdomo. Nilikuwa mlangoni na ndoo. Ningeweza kuondoka. Nilisema ni ya mwanangu.

"Ulimleta humu?"

"Nilimleta, Dokta. Jumamosi. Alikuwa mgongoni, hakushuka chini."

"Na tanuri ulifungua wewe?"

"Nilifungua mimi."

Pasifiki akaanza kusema kwamba bila hivyo, Dokta, bila hivyo. Dokta akamnyamazisha kwa kiganja. Akaikunja shali vizuri sana, pembe kwa pembe, kama mtu anayejua kukunja nguo za watoto, akanipa mkononi. Akaenda ofisini kwake.

Nimemfunika Tendo. Inanuka maabara kidogo. Nitaifua kesho kabla hajaizoea harufu hiyo.

Jumatano, 15 Oktoba

Pasifiki amepita. Alinipigia akiwa nje ya ukumbi, nyuma yake kelele za watu. Anasema walimuuliza wazo la boksi alilipata wapi. Aliwaambia si lake. Ni la mwanamke anayesafisha maabara, naye alilipata kwa mama yake, kwenye maharage. Mmoja alicheka. Mwingine akamwambia aandike hivyo hivyo kwenye kitabu, na jina.

Jina langu lote alilitaka, na la mama pia. Nikamtajia herufi kwa herufi. La mama nilikuwa sijalitamka miaka mingi. Hapa nyumbani ni marehemu tu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Barua. Kuanzia Jumatatu siko maabara. Nahamishiwa jengo la kumbi za mihadhara. Onyo la maandishi, likae kwenye faili. Sikufukuzwa.

Dokta aliniita mwenyewe kunipa. Alisema mtoto angeweza kunywa kitu, angeweza kupumua kitu, na mimi nisingejua mpaka usiku. Alisema Pasifiki amepata bahati, na mimi nimepata bahati kubwa zaidi, na yeye haendeshi maabara kwa bahati. Kisha akasema: "Ningekuwa mama yako ningekukumbatia. Mimi ni mkuu wa maabara."

Nikasema ndiyo, Dokta.

Nimekasirika. Ana haki. Nimekasirika kwa sababu ana haki. Ningekuwa yeye na Tendo angekuwa mtoto wa mwingine, ningeandika barua ile ile.

Nililia kidogo kwenye chumba cha ndoo. Kisha nikaosha vichupa vilivyokuwa kwenye beseni, arobaini na vitano, nikavipanga. Kifudifudi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Kumbi nne, ngazi tatu, vyoo sita. Vumbi la chaki, makaveera ya plastiki chini ya benchi, maganda ya karanga. Hakuna harufu. Mikono yangu inanuka sabuni tu. Tendo kaipokea jioni bila kugeuza uso.

Nilidhani nitafurahi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Habuba amekwenda kuhani msiba, siku tatu. Msimamizi wa jengo hili, mzee mmoja mpole, nilimuuliza kabla, safari hii. Akasema mlete, hapa hakuna cha kumdhuru ila benchi.

Leo nilikuwa nafagia ukumbi mkubwa, akaja msichana kijana, apron ya maabara, kasimama mlangoni hataki kuingia. Anaitwa Suzan. Ndiye aliyewekwa mahali pangu. Akauliza kama mimi ndiye Mama Tendo. Akatoa mfukoni vichupa vitatu vimefungwa kwenye leso. Vinatoka na ukungu, kila akiosha, na Pasifiki hamgombezi lakini anavitazama kwenye mwanga halafu anahema. Alisema Pasifiki ndiye aliyemwelekeza kwangu.

Nikamuuliza anavikausha kwa kitu gani. Kwa kitambaa, akasema, kitambaa kisafi. Nikamwambia hapo ndipo. Usivikaushe. Maji ya mwisho yaache yateremke yenyewe, usiharakishe, usipulize. Nikampeleka bombani nje, nikamwonyesha kimoja, akafanya kimoja, cha tatu nikakifanya mimi. Kilikuwa safi tangu mara ya kwanza. Nikakiosha tena.

Akashukuru kwa magoti mawili, kama walivyomlea kwao, akaenda mbio, muda wake wa chai ulikuwa unaisha. Nilimtazama akikata uwanja kuelekea lile jengo mpaka akaingia.

Nikarudi ukumbini. Jua lilikuwa limefika mpaka safu ya tano. Tendo alikuwa amelala kwenye benchi ya nyuma, mkono mmoja unaning'inia. Nikaanza kufagia upande wa mbele, taratibu, nisimwamshe.